Bendera na nembo ya Helgoland: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza kuhusu bendera hii ni watu wa aina tatu. Kuna wakusanyaji wa stempu, kuna wanafunzi waliokutana na jina Helgoland kwenye somo la kugawanywa kwa Afrika Mashariki, na kuna wale wanaopenda bendera tu, bila sababu ya maana. Maswali yao yanarudi yale yale, kwa hiyo majibu yamewekwa hapa pamoja. Palipo na jibu linalotegemea jingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya kwanza

Helgoland ni wapi, na ni nini hasa?

Ni kisiwa cha Ujerumani kwenye Bahari ya Kaskazini, kilomita 50 hivi kutoka pwani, chenye wakazi wapatao 1,300. Ukitaka usahihi, ni visiwa viwili. Kikubwa kina eneo la kilomita moja ya mraba, na ni jabali jekundu lililosimama wima baharini. Kidogo ni cha mchanga, kinaitwa Düne, na kukifikia ni dakika chache kwa boti.

Vyote viwili ni manispaa moja, ambayo tangu 1932 iko chini ya wilaya ya Pinneberg, jimbo la Schleswig-Holstein. Neno manispaa lisikupeleke kwenye Ilala au Kinondoni. Kwa Wajerumani hiyo ndiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali, na inaweza kuwa na watu wachache kuliko shule moja ya Dar es Salaam. Magari yamepigwa marufuku kisiwani, baiskeli vilevile. Sheria ya usalama barabarani ya Ujerumani ina kifungu kizima kinachokitaja kisiwa hiki kwa jina kwa ajili ya jambo hilo tu.

Bendera yake ikoje?

Mistari mitatu ya kulala yenye upana sawa: kijani juu, nyekundu katikati, nyeupe chini. Haina nyota, haina mnyama, haina maandishi. Mtoto wa chekechea anaichora kwa kalamu mbili za rangi, maana ile nyeupe ni karatasi yenyewe.

Rangi hizo zina maana gani?

Hapa ndipo bendera hii inapozishinda nyingi zilizo kubwa kuliko yenyewe. Bendera za nchi hupewa maana: hii damu ya mashujaa, ile utajiri wa ardhi, hii umoja. Ni maana zinazohitaji mwalimu wa kukueleza. Bendera ya Helgoland ni picha. Inaonyesha kisiwa kama kilivyo ukikitazama kutoka baharini, na wenyeji wana shairi fupi la kuikumbuka, ambalo kila mtoto wa kisiwani analijua na kila duka la kumbukumbu linaliuza kwenye vikombe:

*Grün ist das Land,*
*rot ist die Kant,*
*weiß ist der Sand,*
*das sind die Farben von Helgoland.*

Yaani: kijani ni nchi, nyekundu ni ukingo wa jabali, nyeupe ni mchanga, hizo ndizo rangi za Helgoland. Kwa Kiswahili vina vinapotea, na sijapata namna ya kuviokoa. Kila ninapojaribu, "jabali" linagoma kukaa pamoja na "mchanga".

Wenyeji wana lugha yao pia, Halunder, ambayo ni tawi la Kifrisia cha Kaskazini, lugha ya Wafrisia wa pwani ya Bahari ya Kaskazini. Katika lugha hiyo shairi linamalizika tofauti kidogo: *det es det Woapen van't hillige Lun*, "hiyo ndiyo nembo ya nchi takatifu". Angalia neno *Woapen*. Linamaanisha nembo. Kwa hiyo shairi hilohilo linafafanua bendera kwa lugha moja na nembo kwa lugha nyingine, na yote mawili ni sahihi, kama utakavyoona chini.

Je, kisiwa kinaonekana hivyo kweli, au ni ushairi tu?

Kinaonekana hivyo. Anayeingia kwa meli kutoka Cuxhaven siku ya jua huanza kuona ukuta mwekundu, mwekundu wa tofali lililochomwa vizuri, ukiwa na mikanda myembamba ya rangi hafifu inayopita ndani yake kwa ulalo. Huo ni mchanga wa kale uliogeuka jiwe. Mahali pa juu kabisa ni mita 61 tu, lakini kwa kuwa jabali linaibuka majini ghafla, linaonekana refu kuliko hesabu yake. Juu yake pamelala majani mabichi, yamekatika sawasawa kama zulia lililokatwa kwa mkasi, na kondoo wanakula pembezoni. Pembeni limesimama pande la jiwe lililojitenga, la mita 47, ambalo watu wamelipa jina la Lange Anna, yaani Anna Mrefu.

Jeupe liko wapi? Hapo ndipo wageni wengi hudhani bendera inawadanganya. Chini ya jabali kuna kuta za zege na bandari. Mchanga wenyewe, ule wa kujilaza, uko Düne, ng'ambo ya mkondo. Zamani sehemu hizo mbili ziliunganishwa na ukanda mwembamba wa ardhi, mpaka dhoruba ya mkesha wa mwaka mpya kuamkia 1721 ilipoukata. Tangu hapo ile nyeupe ya bendera inaishi kisiwa cha pili, na kuiona rangi ya tatu lazima upande boti. Mistari imeshonwa pamoja kwenye kitambaa. Baharini imetengana miaka mia tatu sasa.

Na nembo je?

Nembo ni ngao iliyogawanywa mara mbili kwa mistari ya kulala: kijani, nyekundu, fedha. Ni bendera ileile iliyovaa umbo la ngao. Manispaa nyingi za Ujerumani zina ngao zilizojaa vitu: magurudumu ya kinu, masuke ya ngano, funguo za mtakatifu, minara, samaki. Bendera yao huazima rangi kutoka kwenye ngao hiyo na mara nyingi hubandikwa ngao nzima katikati. Helgoland hakuna kitu cha kubandika. Ngao na bendera zinasema neno moja.

Kwa nini nembo inasema fedha na bendera inasema nyeupe, tazama swali la fedha kwenye sehemu ya tatu.

Kisiwa cha watu 1,300 kinaruhusiwaje kuwa na bendera yake?

Ujerumani hilo ni jambo la kawaida sana. Kila manispaa ina haki ya kuwa na nembo, na nyingi zina bendera pia, hata vijiji vya watu mia mbili. Kwenye jimbo la Schleswig-Holstein haki hiyo imo ndani ya sheria ya serikali za manispaa. Baraza la manispaa linaamua, kisha nembo mpya au mabadiliko yanahitaji idhini ya serikali ya jimbo, na hifadhi ya nyaraka ya jimbo inatunza daftari la nembo zote. Hivyo huwezi kuamka asubuhi ukaweka pomboo kwenye ngao ya kijiji chako kwa sababu watalii wanapenda pomboo.

Nembo huenda pia kwenye muhuri. Barua ya manispaa yenye muhuri wa ngao ile ni barua ya serikali, na ndiyo maana matumizi yake yanalindwa (tazama swali la fulana).

## Historia, pamoja na swali la Zanzibar

Bendera hii ni ya Wajerumani tangu mwanzo?

Hapana. Rangi hizi zilikuwepo kabla Ujerumani haijakimiliki kisiwa. Helgoland kilikuwa chini ya Denmark mpaka 1807, Waingereza walipokiteka wakati wa vita dhidi ya Napoleon. Mkataba wa Kiel wa 1814 ukawathibitishia umiliki, wakakaa nacho mpaka 1890. Wakati huo kisiwa kilitumia mistari yake mitatu ikiwa na bendera ya Uingereza kwenye kona ya juu karibu na mlingoti.

Msomaji wa Zanzibar ataitambua sura hiyo bila kuchorewa. Bendera ya Zanzibar inayotumika tangu Januari 2005 nayo ni mistari mitatu ya kulala, buluu, nyeusi na kijani, na kona ya juu karibu na mlingoti imebeba bendera ndogo ya Tanzania. Sababu za kisiasa hazifanani hata kidogo, kwani moja ilikuwa koloni na nyingine ni sehemu ya Muungano. Lakini lugha ya kitambaa ni moja: hapa kuna mahali penye jina lake, na kuna kubwa zaidi lililo juu yake.

Kuna ushahidi wowote wa rangi hizo enzi za Waingereza?

Upo, na unaweza kuushika mkononi kwa koleo. Helgoland kilitoa stempu zake kuanzia 1867 mpaka 1890. Za kwanza zilipewa bei kwa shilingi, lakini shilingi ya Hamburg. Kuanzia 1875 zikaandikwa bei mbili kwa pamoja, ya Kiingereza na ya Kijerumani, pensi upande mmoja na pfennig upande mwingine. Na zilichapwa Berlin! Koloni la Malkia Victoria, kichwa cha Malkia Victoria, mashine ya Mjerumani.

Chukua moja uiweke chini ya taa. Fremu ya kijani, duara jekundu, au kinyume chake. Kichwa cha Malkia hakina wino wowote: ni karatasi tupu iliyobonyezwa kutoka nyuma ikainuka, nyeupe, na ukipitisha kidole unaihisi pua yake. Kijani, nyekundu, nyeupe. Mchapaji amepaka rangi mbili na ya tatu ameiacha kwa karatasi, kama yule mtoto wa chekechea. Mwaka 1876 ikatoka pia stempu isiyo na kichwa cha mtu, yenye ngao ya kisiwa.

Ni kweli Wajerumani walibadilishana Zanzibar kwa Helgoland?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu fupi ni hapana. Huwezi kutoa usichokuwa nacho, na Ujerumani haikuwahi kuimiliki Zanzibar. Zanzibar ilikuwa ya Sultani, na Julai 1890 Sultani alikuwa Sayyid Ali bin Said.

Kilichotokea ni mapatano ya tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, yenye vifungu vingi kuhusu Afrika na kimoja kuhusu kisiwa hiki. Ujerumani ilikubali kwamba Uingereza iwe mlinzi wa Unguja na Pemba. Iliachia pia madai yake ya Witu, usultani mdogo karibu na Lamu, ambao ulikuwa chini ya ulinzi wake tangu 1885, pamoja na pwani ya kaskazini mpaka Kismayu. Uingereza nayo iliahidi kumshawishi Sultani aiuzie Ujerumani mrima wa Tanganyika, ambao tayari alikuwa ameukodisha kwa kampuni ya Kijerumani mwaka 1888, pamoja na kisiwa cha Mafia. Sultani akalipwa marki milioni 4. Upande wa kusini-magharibi Ujerumani ikapata ule ukanda mwembamba wa kufikia mto Zambezi, uliopewa jina la Kansela Caprivi. Na Helgoland kikahama kutoka kwa Malkia kwenda kwa Kaisari Wilhelm II.

Mbona basi watu wanasema "kubadilishana"? Kwa sababu Wajerumani wenyewe waliuita Mkataba wa Helgoland na Zanzibar, na jina likakaa. Wapenda makoloni wa Berlin walikasirika, wakaona wametoa suruali nzima wakapewa kifungo. Kejeli hiyo ilisafiri kuliko maandishi ya mkataba, ikaingia hata kwenye vitabu vya shule. Kaisari yeye alikuwa na hesabu nyingine. Mfereji wa Kiel ulikuwa unachimbwa tangu 1887, na kisiwa kile kimekaa mbele ya mdomo wa mto Elbe kama mlinzi getini. Hakutaka mlinzi huyo awe Mwingereza.

Kama ni kutafuta aliyeuzwa bila kujua, nadhani tuwatazame watu wa Witu kabla ya kuitazama Zanzibar. Walilala chini ya ulinzi wa Ujerumani, wakaamka chini ya Uingereza, na Oktoba mwaka huohuo mji wao ukachomwa na kikosi cha Waingereza.

Watu wa Helgoland waliulizwa?

Hawakuulizwa, na kwa hilo wako sawa na Waunguja, Wapemba na watu wa Witu. Lakini mkataba uliwakumbuka kwa namna ambayo hakuna mtu wa pwani yetu aliyekumbukwa. Kifungu cha 12 kiliwapa wenyeji muda mpaka tarehe 1 Januari 1892 wa kuchagua kubaki raia wa Uingereza. Wao na watoto wao waliokwishazaliwa walisamehewa kuandikishwa katika jeshi la Ujerumani. Sheria na desturi zao zingeachwa bila kuguswa kadiri inavyowezekana, na ushuru wa forodha usingepandishwa mpaka 1910. Soma mkataba mzima kwa kituo uone ni wakazi gani wanaotajwa kama watu wenye watoto na desturi, na ni wakazi gani wanaotajwa kama mpaka unaopita kutoka mto huu mpaka ziwa lile.

Makabidhiano yalifanyika tarehe 9 Agosti 1890, na Kaisari akafika kesho yake. Kona ya Kiingereza ikaondoka kwenye bendera. Mistari mitatu ikabaki.

Kwa nini bendera hii inatajwa kwenye habari za mwaka 1950?

Kwa sababu wakati huo hapakuwa na mtu wa kuipandisha. Tarehe 18 Aprili 1945 karibu ndege elfu moja za Uingereza zilikishambulia kisiwa, ambacho kilikuwa ngome ya kijeshi, na wakazi wakahamishwa wote. Miaka miwili baadaye, siku hiyohiyo ya 18 Aprili, Waingereza walilipua kwa mpigo mmoja tani 6,700 hivi za baruti zilizobaki kwenye mahandaki. Kisiwa hakikuzama, ila upande wake wa kusini ulibadilika umbo, na bonde lililochimbika hapo lipo hadi leo. Baada ya hapo kikafanywa uwanja wa mazoezi ya kutupa mabomu.

Tarehe 20 Desemba 1950 wanafunzi wawili wa Heidelberg, René Leudesdorff na Georg von Hatzfeld, walivuka bahari ya baridi wakaingia kisiwani bila ruhusa. Walitweka bendera tatu: ya Ujerumani, ya vuguvugu la Ulaya moja, ambayo ilikuwa nyeupe yenye herufi E ya kijani, na hii ya Helgoland. Desemba, upepo wa Bahari ya Kaskazini, mabomu yanaweza kudondoka wakati wowote, na hakuna mkazi hata mmoja wa kuwapigia makofi. Habari zikaenea, shinikizo likapanda, na tarehe 1 Machi 1952 kisiwa kikarudishwa kwa Ujerumani. Wenyeji wakaanza kurudi na kujenga upya. Tarehe 1 Machi ni sikukuu ya kisiwa mpaka leo, na ukifika siku hiyo usiulize bendera iko wapi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jengo moja lililonusurika ni mnara wa zege wa wakati wa vita, ambao sasa ndio mnara wa taa.

## Kuichanganya na nyingine

Mbona inafanana na ya Oman?

Igeuze juu chini. Bendera ya Oman, katika muundo wake wa tangu 1970, ina nyeupe juu, nyekundu katikati na kijani chini, yaani Helgoland iliyopinduliwa. Tofauti kubwa ni kwamba ya Oman ina pande jekundu la kusimama upande wa mlingoti, na juu yake nembo ya jambia na panga mbili. Hakuna uhusiano kati yao. Utani wa historia ni kwamba watawala wa Zanzibar wa 1890 walikuwa Busaidi, ukoo uleule unaotawala Oman, ila wakati huo bendera yao ilikuwa nyekundu tupu.

Nimewahi kuchapisha bango la bendera hii kwenye duka moja la mjini. Kijana aliyekuwa kwenye mashine akaniangalia, akaangalia picha, akasema, "Mzee, hii umeileta kichwa chini, na jambia limekatika." Akaigeuza kwa nia njema. Nililipia, nikaligeuza bango nyumbani.

Na Italia, Bulgaria, Hungaria?

Rangi ni zilezile, mpangilio ni tofauti. Italia ni ya kusimama: kijani, nyeupe, nyekundu. Bulgaria inaanza na nyeupe, Hungaria inaanza na nyekundu. Anayechanganya zaidi ni jirani wa ndani, jimbo la Ujerumani la Nordrhein-Westfalen, ambalo ni kijani, nyeupe, nyekundu kwa mistari ya kulala. Kumbuka shairi na hutakosea: mchanga hauwezi kukaa katikati ya jabali.

Nikiining'iniza wima, kijani iwe upande gani?

Kushoto kwa anayeitazama. Wajerumani hupenda sana bendera ndefu za kuning'inia kwenye majengo ya manispaa, na kawaida yao ni kwamba mstari wa juu unaangukia kushoto. Ni hivyohivyo kwa bendera ya taifa: nyeusi kushoto.

Hii ndiyo bendera ya Wafrisia?

Siyo. Wafrisia wa Kaskazini wana yao ya dhahabu, nyekundu na buluu. Watu wa Helgoland ni Wafrisia kwa lugha, na sheria ya jimbo ya mwaka 2004 kuhusu Kifrisia inakitaja kisiwa chao pamoja na wilaya ya Nordfriesland, lakini bendera yao ni nyingine. Ni kama mtu wa Pate na mtu wa Mvita: wote Waswahili, kila mmoja na kwao.

Kwa nini nembo inasema "fedha" na si "nyeupe"?

Ni desturi ya elimu ya nembo ya Ulaya. Humo rangi zimegawanywa makundi mawili: metali, ambazo ni dhahabu na fedha, na rangi zenyewe, kama nyekundu, buluu, kijani na nyeusi. Fedha huchorwa kwa nyeupe na dhahabu kwa njano. Kwenye kitambaa hakuna anayesumbuka na metali, basi inaitwa nyeupe tu.

Wajuzi huuliza swali la ziada hapa. Kanuni inasema rangi isilale juu ya rangi, wala metali juu ya metali, na Helgoland kijani inagusana na nyekundu. Je, ngao imevunja sheria? Jibu linalokubalika ni kwamba kanuni inahusu kitu kilichowekwa juu ya kingine, mfano simba wa kijani juu ya uwanja mwekundu. Ngao iliyogawanywa mapande haina cha juu wala cha chini. Mapande yamekaa bega kwa bega. Binafsi naona hata kama kanuni ingekataa, jabali lisingebadilika rangi.

## Maswali ya pembeni

Nasikia nyeupe si mchanga bali ni jabali jeupe lililoanguka. Ni kweli?

Jabali jeupe lilikuwepo. Kando ya lile jekundu palikuwa na la pili, la mawe ya chokaa na jasi, ambalo watu walilichimba kwa miaka mingi wakiuza mawe, mpaka mabaki yake yakaangushwa na dhoruba mwaka 1711. Miaka tisa hivi baadaye ndipo ukanda wa ardhi ulipokatika, kama ilivyoelezwa kwenye swali la kisiwa kinavyoonekana. Wazo la kwamba bendera inalikumbuka jabali hilo linavutia, lakini shairi linasema mchanga, kwa lugha zote mbili. Naenda na shairi.

Naweza kuchapisha bendera au nembo kwenye fulana niuze?

Bendera ya mistari mitatu haina shida kubwa, maduka yamejaa. Nembo ni jambo jingine. Ujerumani inaichukulia nembo ya manispaa kama jina lake, na kifungu cha 12 cha sheria yake ya kiraia, kile kinacholinda jina la mtu, kinailinda pia. Ukiiweka kwenye bidhaa au barua kwa namna ya kumfanya mtu adhani manispaa imehusika, unaweza kudaiwa. Omba ruhusa kwa manispaa kwanza. Kuionyesha kwenye makala au kitabu kwa kueleza ni nini, kama tunavyofanya hapa, ni sawa.

Nimepata stempu ya Helgoland kwa bei nafuu. Ni halisi?

Uwezekano mkubwa ni kwamba ni nakala iliyochapwa upya. Baada ya stempu hizo kupendwa na wakusanyaji, zilichapwa tena na tena Berlin, Leipzig na Hamburg kwa ajili ya kuuzwa kwenye albamu, kiasi kwamba nakala ni nyingi kuliko zilizowahi kubandikwa kwenye barua. Nyingine ni nzuri mno: rangi mbichi, gundi safi, kichwa cha Malkia kimeinuka vizuri. Hapo ndipo pa kutilia shaka. Kwa kitu cha bei kubwa, mpelekee mtaalamu wa stempu za Ujerumani. Kwa kitu cha bei ya chai, iweke kwenye albamu ufurahie zile rangi tatu.

Je, kuna toleo lenye kivuli maalumu cha kijani au nyekundu?

Nembo za Ulaya hufafanuliwa kwa maneno: "kijani", "nyekundu", "fedha". Mchoraji ana uhuru, ilimradi kijani isigeuke buluu. Ndiyo maana utaona bendera nyingine ni za kijani cha mgomba na nyingine za kijani cha chupa. Upepo wa chumvi nao una kauli yake: bendera iliyotundikwa bandarini tangu msimu uliopita, nyekundu yake imeshaelekea kwenye rangi ya waridi.